Chui wa nani? Kisa cha Tingatinga na wanafunzi wake

Mtu mmoja, Edward Tingatinga, alichora kwa muda usiozidi miaka mitano, akafa kwa risasi, na zaidi ya nusu karne baadaye watu kwa mamia, kuanzia Dar es Salaam hadi Unguja na Arusha, wangali wanachora picha zake. Hilo neno "zake" ndilo lililonikalisha chini kuandika. Ni zake kweli?

Nafundisha sanaa shule ya sekondari. Tulipokuwa tukijiandaa kwa maonyesho ya shule, mwanafunzi wa kidato cha tatu alileta bodi ya futi mbili kwa mbili yenye chui. Mwili umekaa ubavu, uso umegeuka unakutazama, macho ya mviringo kama vifungo vya koti. Rangi ya chini ni njano inayoingia kwenye nyekundu polepole, kama anga ya magharibi. Madoa yamepangwa kwa utulivu wa mtu mzima, isipokuwa doa moja la mguu wa nyuma lililokuwa refu, limechongoka kama chozi. Nililiona, nikalipita.

Mwenzangu wa hisabati akaitazama, akasema, "Huyu kijana kaiba. Hii ni kazi ya Tingatinga." Wa historia akamjibu kwamba tingatinga ni mtindo wa kuchora, haiibiwi, ni kama khanga, kila mtu anavaa. Mabishano yakaendelea mpaka chai ikaisha na kengele ikalia. Mimi niliyetazamiwa kutoa hukumu nilitoa maneno ya kupoza tu, nikabeba bodi nikaenda zangu darasani. Haya ninayoyaandika ni yale niliyopaswa kuyasema siku ile, pamoja na moja ambalo nisingeweza kulisema kwa sababu nilikuwa bado sijalitambua.

Kisa chenyewe

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zake alifuata mkonge Tanga, miaka ya 1950, kisha akaja Dar es Salaam. Alifanya kazi ya bustani kwa Mwingereza, akahangaika na vibarua vya hapa na pale, baadaye akawa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Chuo cha sanaa hakukijua. Mwaka 1968 hivi, akiwa na miaka 36, ndipo akaanza kuchora.

Vifaa vyake vilitoka dukani kwa fundi ujenzi. Alitumia bodi ngumu, zile za kupigia silingi. Shiti ya futi nne kwa nane ukiikata futi mbili mbili unapata vipande vinane, na kipimo hicho, mraba wa sentimita 60 na kitu, kimeshika mpaka leo. Rangi ilikuwa ya mafuta, ile ya kopo inayong'aa, ya kupaka milango na baiskeli. Aliyewahi kushika rangi hiyo anajua ukaidi wake. Ukipaka juu ya rangi mbichi, zote mbili zinaharibika. Basi unapaka ya chini, unasubiri ikauke. Unachora umbo la mnyama, unalijaza, unasubiri tena. Mwisho unatia mistari na madoa. Rangi bapa, mipaka mikali, vitone juu ya vitone: vyote hivyo vilikuwa tabia ya kopo la rangi kabla havijawa mtindo wa mtu.

Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuwa wakija kununua mahitaji ya nyumbani. Zikapendwa. Oda zikazidi mkono mmoja, naye akafanya kile ambacho fundi yeyote wa kwetu angekifanya: akaita ndugu na watu wa kwao. Wakaja kina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walikaa naye, wakamtazama, wakachora anavyochora.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa na miaka 40. Aliacha mke na watoto wadogo, na picha ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka nchini ndani ya masanduku ya wageni. Aliacha pia wanagenzi ambao ufundi wao wote ulikuwa kuchora kama yeye.

Wangefanya nini? Waliendelea. Walichukua wanagenzi wao, nao wakachukua wao, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika palepale Oysterbay, Tingatinga Arts Cooperative Society. Mwana wa marehemu, Daudi, naye akawa mchoraji. Kwa hiyo jina la mtu likawa jina la chama, likawa jina la mtindo, na likaanza kuandikwa kwa herufi ndogo. Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza anafikiria lile trekta la kuchongea barabara, na sidhani kama Edward angechukia mfano huo, maana jina lake kweli lilipita likafungua njia, na likafunika mengi lilipopita.

Mwalimu naye alitazama kwa wenzake

Kabla hatujawauliza wanafunzi walichukua nini, tumuulize mwalimu. Wanaosimulia habari zake hutaja mambo mawili. La kwanza ni nyumba za kusini ambazo kuta zake za udongo zilichorwa wanyama na watu. La pili ni picha za wachoraji wa Kikongo zilizokuwa zikichuuzwa Dar es Salaam miaka ile, ambazo Tingatinga alizitazama akaona kumbe kuna mtu anakula kwa brashi. Sasa ukiuweka ukuta wa udongo upande mmoja na picha ya Mkongo upande wa pili, bado huipati tingatinga. Kuna kitu katikati, nacho ni hilo kopo la rangi ya baiskeli na mraba wa bodi ya silingi, pamoja na jicho la mtu aliyeamua kwamba mnyama mmoja tu anatosha kuijaza picha.

Maana hizo ndizo picha za mwalimu mwenyewe. Mnyama mmoja, au ndege na mti wake, juu ya rangi moja tulivu isiyo na mbingu wala ardhi. Unaweza kuhesabu vitu vilivyomo kwa vidole vya mkono mmoja.

Anayesema wanafunzi "waliiba" hajawahi kukaa karibu na wachoraji hawa wakiwa kazini. Mwanagenzi haanzi na chui. Anaanza na bodi tupu, kuipaka rangi ya chini mpaka itulie bila michirizi ya brashi. Baadaye anaruhusiwa kutia vitone kwenye mnyama wa mtu mwingine. Anayepita njia anadhani vitone ni pambo. Jaribu uone. Brashi ikiwa imelewa rangi, kitone kinatambaa. Ikiwa kavu, kinatoka na shimo katikati kama pete. Ukiigandamiza kinatawanyika, na ukiinyanyua kwa woga inaacha mkia. Lazima uiguse bodi mara moja na kuiacha, halafu urudie hivyohivyo mara mia tatu kabla ya adhuhuri. Siku mkono utakapoacha kutetemeka, ndipo unapoachiwa umbo la mnyama, na mnyama huyo ni wa fundi wako. Huna mwingine. Hakuna anayemwambia mwanagenzi wa fundi cherehani kwamba kaiba suruali.

Mwenzangu wa hisabati angesema: sawa, hayo ni mafunzo, na mafunzo yana mwisho. Kweli, na hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa na utamu. Wanagenzi wa Tingatinga waliondokewa na fundi kabla hajawafukuza. Hakuna aliyewaambia, "Sasa nenda kachore chako." Kila mmoja alilazimika kuutafuta mlango wa kutokea mwenyewe, na ukizitazama kazi za miaka iliyofuata unaweza kuonyesha kwa kidole wapi mlango ulifunguliwa.

Simon Mpata alikwenda zake Nairobi akachora huko, na sifa yake ikavuka hadi Japani. Mohamed Charinda, wa kizazi kilichofuata, aliingiza hadithi: mnyama akaacha kusimama kama picha ya pasipoti, akapewa jambo la kufanya na watu wa kulifanya nao. David Mzuguno alijaza bodi kwa ndege, maua na majani mpaka pasibaki upenyo, rangi juu ya rangi. Wengine wakachora foleni ya hospitali, soko, mganga na wateja wake, mashetani, daladala. Mnyama mmoja wa mwalimu akazaa umati.

Na lipo badiliko moja dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Mwalimu alipaka rangi moja ya chini. Waliokuja baada yake waligundua namna ya kuyeyusha rangi mbili zikiwa bado mbichi, njano ikazama ndani ya nyekundu au buluu ikafifia kuwa nyeupe, bila mstari wa kuzitenga. Nilisema rangi ya kopo ni kaidi, haitaki hivyo. Inatakiwa uwahi, upeleke brashi upande mmoja tu, usirudi nyuma. Huo ni ufundi ambao mwalimu hakuwaachia. Waliupata kwa kuzidi kufanya alichokifanya, kopo lilelile na bodi ileile, mpaka kopo likatoa siri nyingine. Watalii wengi leo wanaamini kuwa anga hiyo ya machweo ndiyo alama ya Tingatinga. Ni alama ya wanafunzi.

Hapo ningepaswa kushtuka. Chui wa kijana wangu alikuwa na anga ya machweo.

Jina kwenye kona

Nije kwenye uovu, maana haukukosekana. Mwalimu alipokwisha kufa, na wakusanyaji wa Ulaya walipoanza kuzitafuta kazi zake kwa bei kubwa, zilitokea picha zenye saini ya E. S. Tingatinga kwenye kona ambazo yeye hakuwahi kuziona. Huko ni kughushi, na kughushi hakuhusiani hata kidogo na kuvutiwa na kazi ya mtu. Binafsi nikionyeshwa bodi yenye jina la marehemu na umati wa wanyama kumi na wanne juu ya anga ya machweo, hata saini siitazami.

Ila tuwatendee haki wanafunzi. Wengi wao hawakufanya hivyo. Waliandika majina yao: Ajaba, Linda, Mpata, Amonde, Charinda. Kwa hiyo ukiinunua bodi ile unanunua majina mawili kwa mpigo. Moja liko kwenye kona, la aliyeshika brashi. La pili halijaandikwa popote, lakini ndilo utakalolitaja ukifika nyumbani: "Nimenunua tingatinga." Sijui mtaa mwingine wa sanaa ambapo deni kwa mwalimu linalipwa kwa lazima namna hii, kila siku, na mtu asiyejua hata kwamba analipa. Mnunuzi anayebeba bodi kwenda uwanja wa ndege hajui Edward ni nani, na bado jina liko mdomoni mwake.

Malipo hayo yana hasara yake. Jina likishakuwa la kila mtu, linaanza kumeza watu. George Lilanga, aliyetokea kwenye uchongaji wa Kimakonde na kupitia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, mpaka leo wauzaji wanamwita tingatinga kwa kuwa tu ni Mtanzania na picha zake zina rangi kali. Na yule mchoraji aliyehangaika miaka mitatu kuipata njia yake ya kuchora twiga wanaokunywa maji usiku, mteja anamwambia, "Ah, tingatinga, kama ya yule jirani." Jirani naye keshamnakili twiga wake wiki iliyopita.

Hilo la jirani ndilo lalamiko utakalolisikia ukikaa na wachoraji kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Halihusu marehemu. Mtu anabuni picha mpya, inauzika Jumatatu, kufikia Ijumaa iko kwenye mikeka minne, inauzwa nafuu. Akilalamika anaambiwa, "Kaka, hii si ni tingatinga? Wewe uliitoa wapi?" Ni hoja ya yule mwenzangu wa historia, neno kwa neno, hoja ya khanga. Inatetea jambo la kweli, kwamba mtindo ni wa wote, halafu inalipitisha chini ya meza jambo la uongo, kwamba kwa hiyo na picha hii ni ya wote.

Wazee wetu washairi walilitenganisha hilo bila kelele. Katika takhmisi, mshairi huchukua beti za mwenzake zenye mishororo miwili miwili, akatanguliza mitatu ya kwake juu ya kila ubeti, ikawa mitano. Vina vyake vinatii vina alivyovikuta. Yaani anafungwa kamba na mwenye shairi, na anacheza akiwa ndani ya kamba. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi, kwa sababu neno takhmisi lenyewe linatangaza kuwa hapa wamekaa watu wawili, na msomaji anajua mshono uko wapi. Charinda na Mzuguno walitunga takhmisi kwa brashi. Wa mkeka wa jirani aliinakili mishororo mitano yote akafuta jina.

Sheria nayo inasema kitu ambacho wanafunzi wangu hawakitarajii. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe. Wazo na mtindo hailindi. Kwa hiyo vitone, rangi ya kopo na mnyama wa ubavu aliyegeuza uso havina mwenyewe wa kumshtaki mtu. Picha moja mahususi ndiyo yenye mwenyewe, na sheria hiyo iliiwekea muda wa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu: 1972 jumlisha 50. Kwa kipimo hicho, haki za kiuchumi za kazi za Edward Tingatinga zilifika ukomo mwaka 2022. Ukimnakili chui aliyemchora mwaka 1970 doa kwa doa, ilimradi huandiki jina lake wala huwadanganyi watu kuwa ni wake, sheria haikugusi. Ukimnakili chui wa fundi aliyekaa kwenye mkeka leo, akinywa uji kutoka kwenye kikombe cha plastiki, umemkosea.

Vijana wanafikiri kinyume chake kabisa. Mkubwa aliye kwenye vitabu wanamwogopa, maana wanadhani lazima ana wakili. Wa kando ya barabara wanamchukulia kama mti wa mwembe uliojiotea.

Doa la mguu wa nyuma

Nilimwita kijana, nikamwuliza chui kamtoa wapi. Akasema ametunga. Nikamwuliza tena kwa sauti ya chini, akatoa simu ya dada yake. Picha ilipigwa dukani, mwanga wa taa ukimulika nusu ya bodi. Chui ubavu, uso mbele, njano inayozama kwenye nyekundu. Nikaikuza kwa vidole mpaka mguu wa nyuma. Lilikuwapo palepale, lile doa refu kama chozi. Tofauti ni kwamba kwenye picha ya dukani lilionekana wazi lilivyo: halikuwa doa. Rangi ilikuwa imetiririka, mchoraji hakuiwahi. Mwanafunzi wangu alikuwa ameinakili ajali kwa uangalifu mkubwa, akaizungushia na rangi ya kahawia kama madoa mengine.

Nikasogeza picha chini. Kwenye kona ya kulia palikuwa na jina, herufi nyeupe, linasomeka vizuri. Si la Tingatinga, bali la mtu aliye hai. Kwenye bodi ya kijana, kona ya kulia ilikuwa na nyasi.

Basi walimu wenzangu wote wawili walikuwa wakibishana juu ya mtu asiyehusika. Mmoja alimtetea marehemu ambaye hakuibiwa kitu, mwingine akaitetea haki ya umma juu ya kitu ambacho si cha umma. Na mimi, mwenye somo, sikuisoma anga ya machweo iliyokuwa ikiniambia tangu mwanzo kuwa mkono huu ni wa baada ya 1972.

Sikumpa adhabu. Sioni mantiki ya kumwadhibu mtoto wa miaka kumi na sita kwa jambo ambalo nilikuwa sijamfundisha. Jumamosi tulipanda daladala tukaenda naye kumtafuta mwenye jina, tukampata. Mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Kijana akatoa shikamoo, akaitikiwa, akabaki ameduwaa. Nikaeleza mimi. Mzee akaishika bodi, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaweka kidole kwenye mguu wa nyuma akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Hili umelipenda nini?"

"Nilidhani ni doa, mzee."

"Siku ile mvua ilinikuta nikainua bodi kabla haijakauka. Chui hana doa la hivi. Umewahi kumwona chui?"

Kijana akasema hapana. Mzee akasema hata yeye alimwona mara moja tu, usiku, hakukaa kumwangalia madoa. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo kwenye vipindi vyangu, ingawa yeye aliliuliza kama anayeuliza bei ya nyanya: "Wewe kwenu unaona mnyama gani kila siku?"

Kuhusu picha, alisema mtoto na abaki nayo ya kujifunzia, asiiuze, na akiionyesha aandike ilikotoka. Hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo magumu zaidi, hata pesa kidogo nilikuwa nimeweka mfukoni. Tukaishia kununua bodi mbili tupu na makopo matatu madogo.

Mnyama anayemwona kila siku alikuwa kunguru, hawa wa Dar es Salaam wenye shingo ya kijivu wanaofungua mifuko ya taka kabla ya wazoaji. Kwa wiki mbili alikuja kwangu kila baada ya masomo akiwa amenuna. Tatizo lilikuwa la kweli: kunguru hana madoa. Tingatinga bila vitone inabaki kuwa ndege mweusi juu ya ubao. Alijaribu kumtia vitone vyeupe, akawa kanga. Akamtia vya buluu, akasema amekuwa kama shati la bendi. Siku ya tisa au ya kumi alimwacha kunguru mweusi tupu, bila kitu, mng'ao wa rangi ya kopo peke yake, akavihamisha vitone vyote kwenye bati la kibanda alichosimama juu yake. Kutu. Vitone vya kutu, vya kahawia na vya rangi ya chungwa, mamia, vikiwa vimebanana kwenye misumari na kupungua vinapoteremka. Rangi ya chini aliiweka moja, kijivu cha asubuhi ya mawingu, bila machweo. Nilipomwuliza kwa nini, akasema kunguru huwa hawapo jioni kwao, wanahamia barabara ya pili.

Bodi zote mbili zilitundikwa kwenye maonyesho. Chini ya chui aliandika kwa kalamu ya wino jina la mzee na maneno "nimenakili kwa ruhusa, pamoja na kosa". Chini ya kunguru aliandika "mtindo wa tingatinga" na jina lake. Mwenzangu wa hisabati alisimama mbele ya hizo mbili kwa muda, mikono nyuma, akasema anampenda zaidi chui. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba chui wanapatikana Oysterbay, Mwalimu, akiuliza mtu yeyote pale ataonyeshwa.